Maduka ya Usita wa Mui, Lamu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa hapa kwa agizo la Kamati)



Kamati iliponitaka nizungumze juu ya maduka ya kwetu, nilidhani nimechaguliwa kwa ajili ya umri wangu tu. Baadaye Bwana Katibu alinieleza kwamba mwaka huu Chama kimepokea barua tatu kutoka kwa wanachama, na zote zauliza jambo moja: mtu afanye nini na fungu lake katika duka la urithi lililoko Usita wa Mui, ikiwa mnunuzi yu tayari na fedha mkononi? Hapo nikafahamu kwamba sikuitwa kuwasimulia ngano. Basi nitaeleza nijuavyo, kisha nitasema habari yangu mwenyewe, ambayo si ya fahari.

Wengi wetu tuliomo ukumbini humu tumekaa Mombasa miaka mingi, na watoto wetu waijua njia ile kwa safari za likizo na za Maulidi tu. Kwa ajili yao naanza na jina. Usita ni njia, na mui ni mji, kwa Kiamu chetu. Njia hiyo yatoka upande wa Mkomani, kaskazini, yapita mbele ya Ngome, yashuka hadi Langoni. Upana wake ni mdogo. Punda mwenye shehena pande mbili akikutana na mwenziwe, mmoja hana budi kusogea mlangoni mwa duka, na mwenye duka huvuta ndani kikapu chake cha ndimu asije akakosa hesabu. Mzigo ambao punda hauwezi huchukuliwa na hamali kwa mkokoteni.

Jambo ambalo vijana hawalidhanii ni kwamba njia hiyo haikuwa katikati ya mji siku zote. Ilikuwa ukingo. Ngome ilianzwa kujengwa karibu na mwaka 1813, baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821, na wakati huo ilisimama karibu na maji. Leo mtu akitoka mlangoni mwake yampasa kuvuka uwanja wa Mkunguni na safu za majumba ndipo aione bahari. Ardhi hiyo ya mbele ilipatikana kidogo kidogo katika karne ya 19 na baadaye, watu wakijaza pwani na kujenga juu yake. Mji ulipoongezeka kuelekea baharini, njia ya ukingoni ikajikuta ndani, ina majumba kulia na kushoto. Hapo ndipo ilipokuwa njia ya maduka.

Waungwana wa zamani hawakuwa watu wa kukaa dukani. Biashara yao ilifanywa katika daka la nyumba, juu ya baraza za mawe, kwa kahawa na maneno mengi, na mali yenyewe ilikuwa jahazini au shambani bara. Nyumba zao ziligeuzia njia ukuta mtupu. Kwa hiyo mkipita pale mtazame upande wa nchi kavu: mara nyingi mtaona mlango wa duka uliotobolewa katika ukuta mnene wa matumbawe, ukuta ambao mjenzi wake hakukusudia utobolewe. Upande wa bahari, kwa jumla, mna majengo ya baadaye, yaliyojengwa tangu mwanzo duka chini na makao juu.

Waliotangulia kukaa madukani ni Wahindi wa Kachi na Gujarati, yaani Mabohora, Makhoja na Mabaniani, waliokuja chini ya utawala wa Masultani wa Unguja. Baada yao, na kwa wingi, walikuja Washihiri wa Hadhramauti. Mhindi aliuza nguo, misumari, kamba, rangi na vyombo vya jahazi. Mshihiri aliuza tende, tumbaku, kahawa na vitu vya kununuliwa kwa pesa moja moja. Watu wetu wenyewe walikuwa na kazi za mikono: masonara wa fedha, washona kanzu, wauza mikate ya mofa, watengenezaji viatu vya makubadhi. Sisemi kwamba mipaka hii ilikuwa ya chuma. Babu yangu aliuza tende na tumbaku, na hakuwa Mshihiri.

Nguo ndiyo iliyokuwa mali kubwa. Ile tuiitayo merikani ilipata jina lake kwa haki, kwa maana ilitoka Marekani kwa merikebu za Salem. Vita vya wao kwa wao vilipowashika Wamarekani, mwaka 1861 hata 1865, nguo hiyo ikapungua sana, na viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaingia mahali pake. Jina halikubadilika. Mama zetu walinunua merikani ya Bombay miaka mingi wasione ajabu yoyote.

Katika njia hiyo hiyo Wadachi walifungua posta yao, tarehe 22 Novemba 1888, wakati ndugu wawili wa jamaa ya Denhardt walipokuwa na mambo yao na Sultani wa Witu. Ilifungwa Machi 1891, baada ya Wadachi kuwaachia Waingereza sehemu hizo kwa mapatano ya 1890. Posta ya miaka miwili na ushei imepata makumbusho yake, na wageni hulipa kiingilio waione. Duka la tende la miaka sitini halina hata kibao. Nalisema hili bila ya uchungu, lakini nalisema.

Sasa nije kwenye uhai wenyewe wa maduka, nao ulikuwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi ya Uarabuni na ya Ghuba, kuanzia Desemba, nayo yalileta makanda ya tende, papa mkavu, mazulia, masanduku na mitungi. Kusi ilipoanza, Aprili hivi, yaliondoka na boriti za mikoko. Boriti zilihesabiwa kwa korja, na korja ni ishirini. Mtu asiyejua kuhesabu fedha alijua kuhesabu korja.

Mkata boriti hakwenda mikokoni na tumbo tupu. Alikwenda majuma kadhaa, na nyuma yake alimwacha mke na watoto. Kwa hiyo kabla ya kusafiri alipita dukani akachukua mchele, sukari, kahawa, tumbaku na mafuta ya taa, yakaandikwa. Mwenye duka naye alikuwa amechukua kwa tajiri wa Kihindi, yakaandikwa. Na tajiri huyo alikuwa amechukua kwa tajiri mkubwa wa Mombasa au Unguja, naye huenda alikuwa na deni lake Bombay. Jahazi likipakia boriti salama, deni lilishuka ngazi kwa ngazi mpaka likaisha. Jahazi likizama, au nahodha akikawia hata pepo zikageuka, kila daftari katika Usita wa Mui lilibaki wazi mwaka mzima. Ndiyo sababu maskini na tajiri walikwenda pamoja juu ya baraza kutazama tanga.

Vipimo vilikuwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na kwa mizigo mikubwa frasila, ambayo ni kadiri ya kilo 16. Fedha ilikuwa reale, kisha rupia. Wazee waliotutangulia hawakusahau mwaka 1920. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Serikali ilipoiondoa rupia ikaweka florini, na mwaka uliofuata shilingi, rupia moja ilihesabiwa shilingi mbili, yaani rupia 10 kwa pauni. Mfanya biashara aliyekuwa na deni la rupia 60, ambalo zamani lilikuwa pauni 4, akajiona anadaiwa pauni 6, wala hakuongezewa hata kitambaa kimoja. Babu yangu alikuwa kijana dukani wakati huo. Alituambia kwamba siku ile alijifunza kuwa deni laweza kukua usiku, mwenye nalo amelala.

Duka la babu lilikuwa upande wa Langoni. Nilikaa humo katika miaka ya 1950, na kama mtanisamehe, nitakawia kidogo. Sakafu yake ilikuwa juu ya njia kwa hatua moja, na babu alikaa juu ya mkeka karibu kabisa na mlango, mizani mbele yake, hata hakuhitaji kusimama ili kufikia robo tatu ya vitu vyake. Kwa ndani mlikuwa na giza na harufu ya tende, mafuta ya taa na papa. Sukari ilifungwa katika karatasi ya gazeti iliyokunjwa mfano wa pembe. Nilijifunza kusoma kwa karatasi hizo, nikisoma habari za nusu nusu, kwa maana nusu ya pili ilikuwa imekwenda na sukari ya mtu mwingine. Juu ya baraza alikaa fundi mwenye cherehani, asiyelipa kodi ila kwa kumshonea babu kanzu moja kila Mfungo wa Ramadhani. Muuza kahawa alipita na dele lake akigonga vikombe, saa nne na baada ya sala ya alasiri. Adhana ikisikika, babu alilaza ufito mmoja mlangoni akaenda msikitini. Ufito huo ulikuwa kufuli yetu.

Wanawake wa heshima hawakupita njia ile mchana. Walipita vichochoro vya nyuma, au juu kwa wikio, kutoka nyumba hata nyumba. Lakini mtu asidhani kwamba hawakuwamo katika biashara. Mtoto ndiye aliyekuwa mjumbe. Nilitumwa na bibi fulani nikachukue kibaba cha sukari na uzi wa kushonea kofia, na jioni nikapelekwa tena na kofia iliyokwisha kutiwa nakshi, ikauzwe au ikatwe katika deni. Vitumbua na mahamri vilivyouzwa njiani na watoto vilitoka majikoni mwao. Katika daftari la babu majina ya wanawake hayamo. Kumeandikwa mama wa fulani, nyumba ya fulani, wa mlango wa mkunazi. Nimehesabu, na zaidi ya theluthi ya hesabu zake ni za akina mama hao. Nao walilipa kuliko waume zao. Hili babu alilisema mbele ya waume wenyewe.

Msimu mkubwa kuliko wote ulikuwa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, ambayo msingi wake uliwekwa na Habib Swaleh. Wageni walitoka Visiwani, Pate na Faza na Siyu, na Mombasa, na Unguja, na Mwambao wote, na kila duka lilitoa nje kila kilichokuwa ndani. Babu alisema kwamba Maulidi yalilipa kodi ya mwaka, na kusi ililipa madeni, na kilichobaki kilikuwa riziki.

Habari za kudhoofika nitazipitia upesi, maana zajulikana. Reli ya Mombasa, iliyojengwa tangu 1896 hata 1901, ilivuta biashara kwenda huko. Mwaka 1907 utumwa uliondolewa kwa sheria katika Pwani yetu, jambo la haki lisilo na mjadala. Lakini mashamba ya bara yaliyolimwa kwa jasho la wengine yakaachwa, na nafaka na ufuta wa kuuza ukapungua. Kisha vita vya shifta, baada ya Uhuru wa 1963, viliwatoa Wabajuni wengi katika vijiji vyao vya bara, na wateja wakawa wakimbizi. Na mwaka 1982 Serikali ilipiga marufuku boriti zisipelekwe ng'ambo. Misitu ya mikoko ilihitaji kuhifadhiwa, sikatai. Lakini ile ngazi ya madeni niliyoieleza ilikatwa mguu wake siku hiyo. Wahindi wengi walikwisha kuhama. Nyumba zao zilibaki na majina ya watu wasioonekana.

Waliokuja badala ya majahazi ni watalii. Milango ikafunguliwa tena, ikauza vikoi, vinyago vya dau, fedha mpya iliyofanyizwa ionekane kuukuu. Mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji wetu katika urithi wa ulimwengu, na majumba ya kale yakapata wanunuzi kutoka nchi za mbali. Mwaka 2014, baada ya mauaji ya Mpeketoni, wageni walikatika, na mwaka 2020 kwa ajili ya Korona hawakuja kabisa. Mliokuwako mliona mbao za milango zilivyofungwa safu nzima. Gati la kwanza la bandari mpya huko bara likafunguliwa mwaka 2021, na bei ya ardhi ikawa mazungumzo ya kila baraza. Barua tatu za Bwana Katibu zimetoka katika mazungumzo hayo.

Sasa habari yangu. Babu alifariki mwaka 1961, akaacha wake wawili, wana wanne na mabinti watatu. Hesabu ya mirathi ikagawa duka mafungu 88: wajane 11 kwa pamoja, kila mwana 14, kila binti 7. Duka lenyewe lilikuwa hatua tano kwa nne. Ami yangu mmoja aliendelea kulishika, na kila mwaka alitoa kodi kidogo akaigawa. Kufika mwaka 1974 baba yangu na ami wengine wawili walikuwa wamekwisha kufariki, na warithi tulikuwa 19, saba kati yetu Mombasa, mmoja Jeddah, na wengine hawakuwa wakisalimiana. Akaja mnunuzi. Ami aliomba apewe miaka miwili atununue kidogo kidogo. Tulikataa. Tulisema tunataka haki yetu sasa, na ilikuwa haki yetu kweli, hapana Kadhi ambaye angetunyima. Mimi nilikuwa wa nne kutia saini. Fungu langu lilitosha kununua baiskeli na kulipa kodi ya chumba cha miezi mitatu.

Ami hakututukana. Alihamisha mizani nyumbani, akakaa barazani miaka sita, kisha akafa. Mnunuzi alilipiga ukuta duka katikati akapata milango miwili. Nilipokwenda mwaka jana, mmoja ulikuwa wa picha na vikuku, wa pili ulikuwa wa M-Pesa. Nilitoa shilingi elfu mbili hapo, mahali ambapo babu alilaza ufito wake. Kijana wa zamu alikuwa mwungwana, akaniuliza kama ni mgeni.

Kwa hiyo wanachama wenye barua wakiniuliza, sitawaambia kwamba kuuza ni dhambi. Mtu mwenye mgonjwa hospitali au mtoto shuleni hawezi kula historia. Lakini nawaomba watazame mambo ambayo mimi sikuyatazama. Kwanza waulize ni nani katika warithi anayelishika duka hivi leo, naye apewe nafasi ya kwanza, hata kama fedha yake itakuja kwa mafungu. Waulize kodi ya miaka kumi ni kiasi gani, wailinganishe na bei ya leo. Sisi 19 hakuna hata mmoja aliyefanya hesabu hiyo, na miongoni mwetu mlikuwa na walimu wawili. Wajue pia kwamba warithi wakikubaliana waweza kulifanya wakfu, kwa faida ya kizazi chao au msikiti, likawa haligawiki tena. Mlango huo uko kwa Kadhi na kwa Makamishna wa Wakfu, na si mpya. Na zaidi ya hayo natoa shauri kwa Kamati: katika fedha za Chama litengwe fungu la kumkopesha mrithi anayetaka kuwanunua nduguze, alipe polepole. Ami yangu hakuomba zaidi ya hilo.

Nimekuja na daftari la babu, la mwaka 1953 hata 1957. Jalada limeliwa na mchwa upande mmoja, lakini wino wasomeka. Sitasoma majina, kwa kuwa mna madeni ambayo hayakulipwa, na wajukuu wa wenye madeni wamo humu wamekaa mstari wa mbele. Litakuwa juu ya meza ya Bwana Katibu mpaka saa kumi na mbili. Pembeni yake nimeweka daftari jipya, tupu, ambalo nimelichora mstari wa njia kutoka Mkomani hadi Langoni, na Ngome katikati. Kila mzee atakayepita aandike mlango mmoja auonao moyoni, nani alikaa humo na aliuza nini. Mimi nimeandika mmoja.